Kifaransa cha Kumlaki Mjukuu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipokuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikiamini kwamba Kifaransa kilizaliwa siku niliyopewa diploma. Jirani yetu hapa Kenya, Mama Kabwe, mhamiaji kama sisi, aliniomba nimfundishe. Mjukuu wake Ilunga, aliyepewa jina la marehemu mume wake, alikuwa anakuja kutoka Ubelgiji, na hakujua neno la Kiswahili. Mama alikuwa hajamwona hata mara moja.

"Tutaangaliana tu sawa mbuzi na mbwa?" aliniuliza.

Nikafuata mpango wa kitabu: kitenzi être, "kuwa", kisha avoir, "kuwa na", kisha swali la kila anayeanza, Comment t'appelles-tu? Jina lako nani?

Mama Kabwe akaacha kuchambua mboga ya lengalenga. "Mwalimu, ni mi njo nilimupa ile jina! Niulize bwana yangu jina yake? Atasema muke yake alirukwa akili!"

Unajua desturi yetu ya huko tulikotoka: nyanya humwita mjukuu wa kiume "bwana yangu", na mwenye jina la babu ndiye bwana kabisa.

"Basi unataka kumwuliza nini?" nikasema, diploma ikiwa imeanza kulegea.

"Kama iko na njaa."

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hawakusema aulize nini. Nikafunga kitabu. Avoir ikatangulia être. Mon mari, tu as faim? Bwana yangu, una njaa? Maneno hayo aliyarudia akisonga bukari, ugali wa kwetu, hata majirani wakayajua.

Siku ya mgeni, mtoto alijificha nyuma ya mama yake aliyekuja naye. Mama Kabwe akachuchumaa.

"Mon mari, tu as faim?"

Mtoto akachungulia. "Je ne suis pas marié, moi! J'ai six ans!"

"Anasema nini?"

"Anasema hajaoa, Mama. Ana miaka sita."

"Umuambie alishaoa. Mu kanisa, na padiri!"

Nikatafsiri. Mtoto akafikiri, akatoka mafichoni, akamshika mkono. "J'ai faim."

Njaa hiyo hakuna aliyeniita niitafsiri.

Mwanangu unayeanza Kifaransa, jifunze être na avoir, usizikimbie; haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwanza jua unataka kuongea na nani, na una neno gani la kumwambia. Anzia hapo, kanuni zitakufuata. Mungu akufungulie ulimi, na kila utakayemsemesha akujibu, hata kama ataanza kwa kucheka.