Salfa Kwenye Chetezo cha Mama Mkwe

Jengo letu zima, kuanzia wenye maduka ya vitambaa chini hadi wapangaji wa juu kabisa, linaamini kwamba aliyewatoa watu nje wakikohoa siku ile ya posa ni mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, mjane mtaratibu ambaye hata mlango huusindikiza kwa mkono usije ukagonga. Si yeye. Ni mimi, mkwewe, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini Posta, na nilichokuwa nakitibu kwa moshi ule ni vijiti. Nayasema hapa kwa sababu kule kwenye jengo yeye mwenyewe amenikataza kuyasema.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo.

Bi Mwanahawa aliishi miaka yake yote ya ndoa kwenye nyumba ya chini karibu na Msimbazi, zile za zamani zenye korido katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Mumewe alipofariki, warithi wakakaa, wakakubaliana, nyumba ikaenda kwa mjenzi wa maghorofa (ndiyo Kariakoo ya sasa, ukisafiri kidogo ukirudi unaulizia mtaa wako mwenyewe), na mama akahamia kwetu na mkeka wake, sanduku lake na chetezo chake cha udongo. Hakulalamika. Alichokirudia ni kimoja tu, tena alikisema kwa mke wangu Rukia, si kwangu: kwamba mkomamanga wa pale uani marehemu aliupanda kwa mkono wake walipohamia wakiwa maharusi, na sasa utang'olewa pamoja na choo.

Sasa mimi nina ugonjwa wa bonsai, ile miti inayopogolewa na kufungwa waya mpaka inazeekea ndani ya sinia ikiwa na kimo cha birika (majirani huniuliza kwa nini nainyima chakula). Nikamtuma Rukia amwambie mama kwamba naweza kuutoa mkomamanga ule mtoto, na mtoto huyo atakaa dirishani kwake maisha yake yote. Jibu likarudi kwa njia ileile: haya, na ajaribu.

Mtaona kwamba mimi na mama tunazungumza kupitia Rukia. Si ugomvi, ni heshima. Mkwe haendi kwa mama mkwe na habari ndefu, na habari mbaya ndiyo kabisa, na ukifuatilia mkasa huu hadi kwenye shina lake, shina ni hilo.

Basi nikaenda na kisu kilichonolewa, nikakata vitawi vya unene wa penseli, nikapunguza majani, nikavichomeka kwenye sinia la mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, nikavifunika na chupa za maji nilizozikata nusu ili unyevu usitoroke. Nikaviweka kwenye kichumba chetu cha kufulia, penye kivuli. Nilipopita Msimbazi mara nyingine uani hapakuwepo. Palikuwa na shimo na nondo. Kwa hiyo duniani pote mkomamanga ule ulikuwa umebaki kwenye sinia langu.

Na sinia likaota ukungu. Kwanza utando mweupe kama vumbi la sembe juu ya mchanga, kisha vijiti viwili vitatu vikawa vyeusi chini na kulegea. Sikuelewa, maana nilikuwa namwagilia asubuhi tu, kidogo, kabla ya kwenda kazini. Jambo la busara lilikuwa kufunua chupa hewa ipite, kutoa vilivyooza, kuacha mchanga ukauke, na kumwambia mwenye mti. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Niliwaza nitamtuma Rukia aseme nini? Kwamba mti wa marehemu unaoza kwenye kichumba cha kufulia?

Nikamwambia mwenzangu wa ofisini, mtu wa Newala, ambaye kwao ni korosho tupu. Akasema mikorosho nayo hushambuliwa na ubwiri unga, ukungu mweupe wa majani na maua, na dawa yake ni salfa, akaniletea kidogo kwenye kifuko, akanieleza ninyunyize ule unga kwa wepesi sana juu ya mchanga. Mimi nilisikia salfa. Maelezo mengine yalipita, kwa sababu akili yangu ilikuwa tayari imefika kwenye chetezo.

Mnisamehe, nimelelewa pwani. Kwetu moshi unaponya kila kitu. Nguo zinafukizwa, mtungi wa maji unafukizwa, chumba cha mzazi kinafukizwa. Nikajiambia unga utakaa juu tu, lakini moshi utaingia kila tundu. Jumamosi mchana, Rukia na mama wakiwa wameshuka kwa jirani yetu Bi Shufaa kusaidia mapishi (binti yake alikuwa anakuja kuposwa alasiri hiyo), nikachukua chetezo cha mama bila ruhusa, nikatia makaa, nikafunga mlango wa kufulia, nikamwaga salfa yote.

Moshi wa udi hupanda, huzunguka, hukubembeleza. Wa salfa haupandi. Ni mzito, unashuka, na unaingia puani kama kiberiti kilichowashiwa ndani ya pua yenyewe. Dirisha la kile kichumba linatazama ngazi, na mimi nililiacha wazi kwa usalama wangu. Nilipoanza kutokwa na machozi, moshi ulikuwa umeshafika ghorofa ya chini yetu, sebuleni kwa Bi Shufaa, ambako wazee wa upande wa kiume ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza kusalimia.

Mtu akasema gesi. Neno hilo kwenye jengo la Kariakoo halirudiwi mara mbili. Nikasikia milango, viatu, vikohozi, wenye maduka wakishusha mageti. Mimi nikamwagia makaa maji, nikavuta kanga ya kwanza niliyoiona kwenye kamba, nikajifunga puani, nikakumbatia sinia na kushuka nikiwa na msuli na fulana ya ndani.

Nje palikuwa pamejaa. Wazee wa posa na kanzu zao wamesimama kati ya mikokoteni, macho mekundu kama waliofiwa. Mbeba mizigo mmoja mwenye robota la mitumba ya kupeleka Mchikichini akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Braza, wenzako wametoka na watoto. Wewe umeokoa nini?"

"Vijiti," nikasema, maana kichwa kilikuwa hakina neno lingine.

Watu wakacheka. Rukia hakucheka. Alikuwa anaitazama kanga iliyokuwa usoni mwangu, na mimi nikaitazama, nikaijua. Ilikuwa ya mama yake.

Mkubwa wa wageni akauliza, kwa upole wa mtu aliyekasirika, ni nini hasa kilichowaka. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema, nawaapia, lakini Bi Mwanahawa alitangulia, akasimama kati yangu na wale wazee.

"Ni mimi, baba zangu. Nilikuwa nafukiza, macho yangu haya yamechanganya makopo. Mnisamehe uzee."

Na wakasamehe palepale, kwa sababu nani atamkasirikia bibi na chetezo chake? Mmoja hata akasema shemeji zake wa Bagamoyo ni hivyohivyo. Nilipojaribu tena kusema, mama alinigeukia, na hii ndiyo sentensi ya kwanza ndefu aliyowahi kuniambia uso kwa uso.

"Nyamaza, mwanangu. Wewe utaitwa mwendawazimu mpaka uhame, mimi nitacheka nao kesho."

Kisha akachukua sinia mikononi mwangu, akafunua chupa moja, akagusa mchanga na kuona ulivyolowa. Akasema polepole kwamba yeye alikuwa anavipa maji kila baada ya alasiri, kidogo tu, kwa sababu aliniona nina kazi nyingi na hakutaka kunikumbusha.

Nikamwambia mimi nilikuwa navipa asubuhi.

Wageni walirudi juu baada ya madirisha kufunguliwa, posa ikapokelewa, na mimi siku hizi nafukiziwa, sifukizi; hata ubani siugusi. Chupa ziko wazi mchana, na hakuna anayetia maji bila kumwuliza mwenzake, ana kwa ana. Moshi uliunguza vijiti karibu vyote tukavitoa. Kimebaki kimoja, na juzi kimechipua jani dogo jekundu. Mama amefurahi sana. Nimemweleza, mwenyewe, bila kumtuma Rukia, kwamba kijiti huweza kutoa jani kwa akiba iliyomo ndani yake kikiwa bado hakina mzizi hata mmoja, na kwamba tukikivuta kuangalia tutakiua. Akauliza sasa tutajuaje.

Bado hatujui.