Mtahini wa Nje na Kalamu Yake ya Kijani

Kila mwaka, alama zikishakusanywa na kabla matokeo hayajabandikwa, chuo chetu kilikuwa kinapata mgeni. Tulimwita mtahini wa nje. Alitoka chuo kingine, mkoa mwingine, na kazi yake ilieleweka vizuri: apitie mitihani tuliyotunga na kusahihisha wenyewe, aseme kama tumetenda haki, kama kuna mwanafunzi tumempunja au tumembeba. Sisi wa ndani tulisahihisha kwa kalamu nyekundu, yeye akapitia kwa kalamu ya kijani. Akishaweka kijani chake, alama hiyo haikuguswa tena mpaka bodi ya mitihani ikae.

Hivyo ndivyo kanuni zilivyosema. Mimi ninachokumbuka zaidi ni kuku. Wiki ya mtahini wa nje ndiyo wiki pekee idara yetu ilipokula kuku, tena wa kukaanga, ndani ya vyombo vya kioo. Chuo chenyewe kilikuwa ghorofani, katikati ya Posta na Kariakoo, juu ya maduka ya vipuri. Wiki hiyo lifti ilipona, vyoo vilipata sabuni, na mkuu wa idara alivaa tai iliyomkaba mpaka macho yakamtoka. Mimi nilikuwa mratibu wa mitihani, cheo ambacho maana yake ni kubeba mafungu ya karatasi na kuagiza maji ya kunywa.

Mwaka ninaousema kulikuwa na binti mmoja wa mwaka wa mwisho, mtoto wa kusini aliyelelewa na shangazi yake muuza vyombo hapo Kariakoo. Somo la takwimu alikuwa analirudia, na kanuni zetu haziruhusu kurudia mara nyingine. Akifeli, anadisko, kama wanavyosema wanafunzi wenyewe: anafukuzwa, na miaka yote aliyosoma inakuwa hewa. Nilipokuwa napanga karatasi nikaona alama yake iko chini ajabu. Nikageuza. Nyuma ya kijitabu cha kwanza cha majibu kulikuwa na cha pili, kimefungwa kwa uzi kama tunavyowaagiza wafanye, kimejaa majibu mwanzo mpaka mwisho, na hakina hata nukta moja nyekundu. Msahihishaji, bwana mmoja anayefundisha kila chuo kinachomwita, aliishia kijitabu cha kwanza, akajumlisha, akaondoka zake.

Nikakaa nikakisoma kile cha pili. Binti alikuwa amefaulu, tena vizuri tu.

Nikampelekea mkuu wa idara. Hakutaka hata kukishika.

"Alama zimeshapelekwa, dada yangu," akaniambia. "Sasa hivi mwenye mamlaka ni mtahini wa nje. Weka kwenye sampuli, ataona mwenyewe. Si ndiyo maana tunamwita?"

Sampuli ni karatasi chache tunazomchagulia mgeni azisome kwa niaba ya zote. Nikaiweka ya binti juu kabisa ya fungu, kijitabu cha pili kikiwa kimetokeza kidogo, ili hata mtu mwenye usingizi akione.

Mtahini akafika asubuhi na begi dogo, profesa mwenye kitambi cha heshima na miwani iliyoning'inia kifuani.

"Shikamoo, Profesa," nikamwamkia.

"Marahaba. Hivi Mchikichini ni mbali kutoka hapa?"

Haikuwa mbali. Mkuu wa idara akaniagiza nimsindikize, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa mitaa ya Msimbazi na hakuna atakayenizidishia bei. Tukaenda sokoni, na huko ndiko nilikomwona mtahini akitahini. Alishika kiatu cha mtumba akakikunja soli mpaka kikaguna. Akaingiza mkono mpaka kwenye vidole, akapapasa. Akanusa. Akavaa miwani, akafuata mshono wote kwa ukucha.

"Mzee wangu, hicho grede wani, mbona unakipima kama cha harusi?" muuzaji akamtania.

"Kijana, mimi siwezi kununua kitu ambacho sijakikagua," Profesa akajibu. "Lete na cha pili."

Akakagua na cha pili. Akavua vyote, akavaa tena, akatembea mpaka kwa muuza mikanda na kurudi, akauliza kama kisigino kimeshawahi kubadilishwa. Asubuhi yote ikaishia kwenye jozi moja ya viatu vyeusi. Nilifurahi, nisifiche. Nilijiambia mtu makini namna hii hawezi kupitwa na kijitabu kizima.

Tulirudi, akala kuku, akaomba chai. Kisha akaketi mbele ya lile fungu na kalamu ya kijani, simu akiwa ameibana kwa bega, akimweleza fundi wake kuhusu vigae vya bafuni. Mkono wake ulijiendea wenyewe. Ukurasa, vema. Ukurasa, vema. Alifunua karatasi kama mtu anayetafuta hela aliyoisahau ndani ya kitabu. Maji niliyoagiza hayajapoa hata kwenye friji, kazi ya kulinda ubora wa elimu ikawa imekwisha.

Alipotoka nikaichukua karatasi ya binti. Kijitabu cha kwanza kilikuwa na nyekundu na kijani. Nikageukia cha pili. Kila ukurasa ulikuwa na vema ya kijani, safi, yenye mkia mrefu. Nyekundu haikuwepo. Mtahini wa nje alikuwa amethibitisha usahihishaji ambao haukuwahi kufanyika.

Nimefundishwa kuwaheshimu maprofesa, na baba yangu aliuza masufuria kwa jumla ili niwafikie. Siku ile niliwadharau wote kwa mkupuo, pamoja na wasiohusika.

Kesho yake bodi ya mitihani ikakaa. Mtahini akasimama akasema viwango vyetu vinaridhisha. Watu wakapiga meza. Nikanyoosha mkono, nikaeleza habari ya kijitabu cha pili, kisha nikakipitisha mezani kutoka mkono hadi mkono. Kila aliyekiona alikitazama, akamtazama mtahini, akajifanya anatafuta kalamu yake. Mwenyekiti akafikiri kidogo, akasema ni vizuri tupate chai kwanza.

Tukanywa chai na sambusa. Mkuu wa idara na mtahini wakanywa ya kwao koridoni, wamegeukia ukuta. Tuliporudi, Profesa alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Katika kupitia kwangu," alisema, taratibu, "nilibaini kijitabu ambacho hakikusahihishwa. Zile vema nilizoweka zilikuwa za kuonyesha kwamba nimeligundua tatizo. Naagiza kisahihishwe leo hii."

"Hii ndiyo faida ya jicho la nje," akasema mkuu wa idara, na watu wakapiga meza tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Katibu akaandika. Mimi aliniandika kwenye orodha ya waliohudhuria.

Kikasahihishwa. Binti akafaulu. Barua aliyopewa ilisema alama yake imerekebishwa kufuatia umakini wa mtahini wa nje.

Baada ya mahafali akaja ofisini kwangu na kifurushi kilichofungwa vizuri kwa karatasi ya zawadi. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Madam, naomba umfikishie yule Profesa," akasema. "Ni kitenge. Shangazi amekichagua mwenyewe dukani, kwa ajili ya mama wa nyumbani kwake. Mwambie tunamwombea kila siku. Bila yeye kuisoma karatasi yangu, saa hizi ningekuwa nauza vikombe."

Roho iliniuma. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikamwona alivyofurahi kwamba mahali fulani katika nchi hii kuna mzee aliyeketi akamsoma mpaka mwisho. Nikaufunga. Nikapokea kifurushi, nikamwambia zawadi itamfikia anayestahili.

Nikaipeleka kwa fundi wangu. Akanishonea gauni refu lenye mikono mipana.

Mwaka uliofuata mtahini alikuja tena, yuleyule, maana bodi ilikuwa imemwongezea muda kwa kazi nzuri. Nilimpokea nimelivaa.

"Gauni zuri sana hilo," akasema, akavaa na miwani alitazame vizuri. "Mke wangu angelipenda. Umenunua duka gani?"

"Sikununua, Profesa," nikamjibu. "Nilipewa na mwanafunzi, kwa kusoma mtihani wake."