Siku Tuliyoligeukia Ziwa

Chaki iliyoloweshwa ina harufu yake, nami ningeitambua hata nikiwa nimefungwa macho. Muhula ule wa kidato cha pili, kila Jumapili mchana, sisi wasichana kumi na sita wa mstari wa densi tuliponda vipande vya chaki tulivyookota madarasani, tukavikoroga kwa maji na kupaka raba zetu mpaka zikawa nyeupe pepepe. Tulizianika juu ya mawe nyuma ya jiko, moshi wa kuni na mvuke wa maharagwe vikitupitia puani, huku wavulana wakijaribu ngoma zao uwanjani. Shule yetu ilikuwa kisiwani Rusinga, na bendi yake ilikuwa na ngoma moja kubwa iliyoshonwa ngozi mara mbili, ngoma ndogo nne na tarumbeta tatu, moja ikiwa haitoi sauti ila mvulana aliyepewa aliipuliza hivyo hivyo, mashavu yamemvimba. Hakuna aliyetuambia kwamba ni bendi duni, na hata angetuambia tusingemsadiki.

Mimi ndiye niliyeongoza mstari. Nikigeuka, wote kumi na watano walio nyuma yangu hugeuka. Nilijivunia nafasi ile kupita kiasi, lazima nikiri, na ndiyo maana nilikosa usingizi mama aliposikia habari zake. Mama ni Msabato asiyetaka mchezo. Mtu alimnong'oneza kanisani kwamba bintiye anarusha miguu mbele ya watu kwa rinda fupi, akaja juu. Baada ya kumlilia siku mbili alinipa sharti moja: sikukuu ya taifa tulikuwa tunakwenda kucheza Homa Bay, naye angekuja kujionea. "Nyathina, mwanangu, nitatazama kwa macho yangu mwenyewe," alisema. "Nikiona upuuzi, unatoka siku hiyo hiyo."

Sasa, kulikuwa na shida ambayo mama hakuijua. Nilikuwa nikigeuka upande usiotakiwa. Mwalimu wetu wa bendi, Mwalimu Mwita, alikuwa mtu wa Ntimaru, huko Ukuriani, na katika ulimi wake kila "l" iligeuka "r". Akipaza sauti, "Kuria, geuka!" wavulana walisema anawaita ndugu zake Wakuria. Naye hakutuachia: "Nyinyi Wajaluo mnaosema kusoto, ndio mnanicheka mimi?" Tulicheka wote, halafu mimi nikageuka kushoto. Siku moja alisimamisha ngoma, akaniita mbele.

"Adhiambo, kuria ni wapi?"

"Mwalimu, kulia ni mkono wa kula," nikasema. "Na kula, mtu husema acham."

"Haya. Kwa hivyo?"

"Na acham ni huku." Nikainua mkono wa kushoto.

Ndivyo ilivyokuwa kichwani mwangu. Kwa Kijaluo nikitaka kusema ninakula nasema acham, na upande wa kushoto nao unaitwa acham, tofauti ikiwa ndogo tu ya kupandisha na kushusha sauti. Niliposikia kulia nilifikiria chakula, chakula kikanipeleka kwenye acham, na acham ikanigeuza kushoto, yote hayo kabla mguu haujatua. Mwalimu Mwita aliketi juu ya ngoma kubwa akacheka mpaka akatoa leso. Kumbe nusu ya mstari ilikuwa ikipita njia ile ile. Akaamua kwamba ngoma zitabaki na kulia na kushoto kama kawaida, lakini sisi wa densi tutakuwa na maneno yetu. Uwanjani kwetu ziwa lilikuwa upande wa kulia na mlima upande wa kushoto. "Ziwa!" alipaza sauti, na sote tukageuka sawasawa. "Mlima!" Sawasawa tena. Wiki tatu nzima hatukukosea hata mara moja.

Siku ya sikukuu tuliingia uwanja wa Homa Bay tumenyooka, raba zinang'aa. Jukwaa la wakubwa lilikuwa kulia, lenye viti na hema. Kushoto waliketi watu wa kawaida kwenye nyasi, na mama yangu alikuwa miongoni mwao na kitambaa chake cheupe cha kichwani. Nyuma yao, chini ya mapaa ya mji, ziwa liling'aa. Mwalimu Mwita akavuta pumzi. "Kuria!" akaziambia ngoma, kisha kwetu: "Ziwa!"

Nikaligeukia ziwa, na wenzangu wote nyuma yangu. Ngoma ziligeukia jukwaa, sisi tukawapa wakubwa mgongo. "Aki Adhi, tumeharibu," Akoth aliyenifuata alininong'oneza. Lakini ngoma zilikuwa zimeshaanza na nyuso za watu wa nyasi zilikuwa zimeshachangamka, kwa hiyo nikamtazama mama usoni nikarusha mguu. Tulicheza mpaka mwisho. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena.

Mwalimu Mwita alikuwa anakuja kunikaripia, hilo lilikuwa wazi usoni mwake, ila mama alimfikia kwanza akampa mikono yote miwili. "Japuonj, mwalimu, asante kwa kutukumbuka," alimwambia. "Miaka yote watoto wanachezea wakubwa tu." Mwalimu alinitazama, kisha akamwitikia mama kwa kichwa. Mama akaendelea: "Huyu aendelee. Lakini hilo rinda mtalishusha kidogo." Nililia kwa furaha mbele ya watu wote, nikijifuta machozi kwa vidole vyenye chaki mpaka ikanichirizika mashavuni.

Binti yangu sasa yuko kidato cha pili, katika mstari wa densi wa shule nyingine. Wana sare zilizoshonwa na fundi, tarumbeta zote zinalia, na mwalimu wao anawarekodi kwa simu ili warekebishe makosa. Nafurahi sana kwa ajili yake, wala sisemi kwamba zetu zilikuwa bora. Kila sikukuu naketi kwenye nyasi na kupiga vigelegele. Wanageukia jukwaa wote kwa pamoja, bila kukosea, na mpaka leo sijauona uso wa mwanangu akicheza.