Kutoka Igogo Hadi Buhongwa na Elektroni Mbili

Nimeshakwenda Ulaya kusoma na kurudi bila kutetemeka, lakini safari iliyonitoa jasho ni ya Igogo hadi Buhongwa, ndani ya mji uleule. Nilikuwa naenda kujitambulisha ukweni. Baba wa mchumba wangu Koku, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Kagera, asingenikubali, ndoa isingekuwapo, na mimi Koku nampenda hadi naona aibu kusema.

Saa tatu asubuhi, Igogo. Mjomba Masanja, mshenga wangu, alifika na pikapu yake, kavaa koti la harusi yake mwenyewe. Simu ikaita. Ni Koku.

"Baba akiuliza, tunajuana kwaya tu. Mengine funga mdomo."

Tulizungukia kwanza Mabatini kununua zawadi. Mjomba alikagua machungwa moja moja kana kwamba anaoa yeye, akajaza kapu.

Saa tano tukawa Buhongwa. Tuliamkia, tukakaribishwa sebuleni.

"Mmejuana wapi na binti yangu?"

"Kwaya tu, baba."

Mjomba akakabidhi kapu. "Mzee mwenzangu, haya ni ya Mabatini. Hayafikii yale ya Ukerewe aliyotuletea kijana Jumatatu ya Pasaka. Yale yalikuwa asali!"

Mzee alimenya chungwa taratibu.

"Na huko Ulaya, mwanangu, ulisomea nini hasa?"

"Kuchunguza uso wa metali, baba."

"Kusugua masufuria?" Mama Koku alicheka hadi akashika mlango.

Hapo nikajisahau. Mtu akiniuliza kazi yangu, sina breki.

"Tunamulika kipande cha shaba kwa mwanga wenye nguvu. Mwanga unang'oa elektroni, chembe ndogo mno, kutoka kwenye atomu. Zinatoka nyingi, na moja peke yake haisemi imetoka wapi. Kwa hiyo tunaweka mitambo miwili ya kuzinasa, huku na huku. Mbili zikinaswa kwa wakati uleule, tunaamini zimetoka pamoja, atomu moja."

"Haiwezi kuwa bahati tu?"

"Mara moja, inaweza. Ndiyo maana tunarudia na kurudia. Zikizidi kuja pamoja, baba, hiyo si bahati tena."

Mzee alifuta mikono. "Jumatatu ya Pasaka Koku naye alirudi na machungwa ya Ukerewe. Nikasema, bahati." Akamgeukia mjomba. "Na sikukuu ya Nane Nane, kijana aliwaletea nini?"

"Mananasi ya Geita!" mjomba akajibu kwa furaha, maskini.

"Koku naye alileta hayohayo."

Jikoni, alikokuwa Koku, kifuniko cha sufuria kilianguka.

"Hiyo kwaya," mzee aliuliza, "inaimba hadi Geita?"

Nilipiga goti. "Nimekudanganya, baba. Nisamehe."

Alimalizia chungwa lake. "Simpendi mwongo. Lakini mwanafunzi anayenipa mwenyewe njia ya kumkamata, huyo simfukuzi. Leteni posa. Na mkitaka tena kutembea, mniage."

Saa kumi, tukirudi Igogo, mjomba alinung'unika njia nzima kwamba hakuna aliyemwambia kitu. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Tangu nirudi nimeieleza kazi hii kwa ndugu, majirani na wakubwa ofisini, wote wakitikisa kichwa kwa heshima. Mtu wa kwanza kuielewa sawasawa ni yule niliyekwenda kumdanganya.

Jumamosi tunavuka kwenda Ukerewe. Koku ameshaniambia tiketi ni tatu, na mzee amesema yeye atakaa katikati.