Kitanda Kilichopakana na Hita

Baridi ya Riyadh huwezi kumweleza mtu wa kwetu akakuamini. Yeye anajua jangwa ni jua tu. Hata mimi, miaka niliyokaa Jeddah, mtaa wa Hindawiya, sikujua. Kule maji ya bomba yana joto lake mwaka mzima, na hita ya bafuni ni kama pambo. Tajiri wangu, muuza mazulia, aliponihamishia Riyadh kuendesha lori lake dogo, ndipo nilipojua maji yanaweza kuuma.

Tulikaa Manfuha, nyumba ya zamani ya chumba kimoja kikubwa, jiko na bafu. Tangi la maji lipo juu ya paa. Kiangazi jua hulichemsha hata kunawa huwezi, kwa hiyo tunafanya kinyume: tunazima hita, na yale maji yaliyotulia ndani yake, kivulini, ndiyo tunaogea. Baridi ikianza tunawasha. Nikisema tunawasha ninajiongezea sifa. Aliyekuwa akiwasha na kuzima ni mwalimu.

Mwalimu alifundisha shule ya msingi kwetu magharibi mwa Kenya kabla hajaja huku kuwa karani wa stoo. Yeye ndiye aliyekodi nyumba. Mkataba ulikuwa kwa jina lake, ikama yake, kibali cha kuishi huku, ilikuwa safi, na Kiarabu chake kilitosha kumchekesha Mwarabu. Mwenye nyumba, mzee wa Kisaudi, alimwita muallim. Sisi wengine wote alituita sadiki, rafiki, bila kututofautisha. Mwaka ule mwalimu alikwenda likizo kiangazi, akatuachia simu yake ya huku kwa sababu mwenye nyumba alizoea namba ile. Akaugua akiwa nyumbani, akafa, akazikwa. Tulipata habari jioni moja tukila. Tulichanga, tukaomba, tukakaa sakafuni, maana kitanda chake hakuna aliyetaka kukikalia.

Mwenye nyumba hatukumwambia.

Sina hakika kama nina haki ya kueleza kwa nini, lakini nitajaribu. Tulikuwa tumebaki watatu: mimi, mwenzetu wa Nakuru anayepakua mizigo kwenye duka kubwa, na mzee. Mzee alikuwa anaosha magari. Alikuwa amemkimbia kafili wake, tajiri aliyemdhamini kuingia nchini, zamani, akaandikiwa kwamba ametoroka, kwa hiyo ikama ilikuwa imekufa na mahali pengine pa kumpokea hapakuwapo. Mwenye nyumba akijua mpangaji wake hayupo, angetaka kuandika mkataba upya na kuona karatasi za kila mtu. Ndivyo tulivyofikiri. Labda tulimfikiria vibaya. Sisi hatukuwahi kumuuliza.

Basi ile simu ikakaa dirishani, imechomekwa kwenye umeme. Mtu akipita aliiangalia, hata kama haijalia.

Baridi ilipoingia nilibonyeza swichi ya hita, taa yake nyekundu haikuwaka. Nikabonyeza tena. Wa Nakuru akaja, akaigonga kwa kiatu.

"Imegoma," akasema. "Ilikuwa inamsubiri mwenyewe."

"Wacha maneno hayo," mzee akasema kutoka chumbani, halafu akaanza kukohoa, na kikohozi kikaendelea muda mrefu kuliko sentensi yake.

Alikuwa ametoka zahanati juzi tu. Nimonia. Daktari alimwambia akae penye joto na asiguse maji baridi, na yeye kazi yake ni maji. Tulimchemshia ya kuoga kwa sufuria, lakini chumba chenyewe kilikuwa kama ndani ya friji. Siku moja nilirudi nikamkuta anaingiza beseni la bati lenye makaa.

"Mzee, watu hulala na makaa wasiamke," nikamwambia.

"Na bila makaa wanaamka?"

Niliyatoa nje mwenyewe. Aliniangalia nikiyamwaga mlangoni, na sijui mpaka leo kama alinichukia au alishukuru.

Mtu atauliza kwa nini hatukuitengeneza wenyewe. Huwezi kuifungua hita bila kukata umeme, na sanduku la umeme lilikuwa na kufuli, ufunguo alikuwa nao mwenye nyumba. Aliliweka baada ya wapangaji wa zamani kuunganisha nyaya ovyo hadi ukuta ukaungua. Simlaumu. Na niseme haki yake: pampu ilipoharibika wakati wa mwalimu, alituma fundi siku ileile. Hita ilikuwa juu yake kwa mkataba, na alikuwa mtu wa kutimiza. Ila alihitaji kupigiwa simu na mtu aliyemjua.

"Piga wewe," wa Nakuru akaniambia. "Sauti yako nzito kama ya mwalimu."

"Kiarabu changu ni cha barabarani."

"Sema una mafua, bana. Nani huongea vizuri akiwa na mafua?"

Mzee hakusema piga wala usipige. Alivuta blanketi.

Nilichukua simu ile. Ilikuwa na joto la chaja, joto la mkono wa mtu. Ikaita kidogo tu.

"Muallim," mwenye nyumba akasema. Halafu akacheka, na katika kucheka kwake nilisikia kwamba alikuwa amengoja. "Umerudi? Umenisahau. Nilidhani mama yako amekufunga kamba."

Nikasema nimerudi.

"Sauti yako imekauka."

"Baridi, baba."

"Mimi niko Jeddah kwa binti yangu. Mifupa yangu haiwezi tena Riyadh. Hapa nimefungua dirisha. Mama yako hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Nimeandika neno hilo sasa hivi na nikaliangalia. Ni neno dogo. Lakini mimi mama yake sikuwa nimempigia hata mara moja tangu mazishi.

Fundi alikuja kesho yake asubuhi na ufunguo wa sanduku. Alikuwa Myemeni mpole. Alifungua hita kwa chini, akatoa ule waya wa kuchemshia. Ulikuwa umevikwa chumvi nyeupe nene, kama mfupa. Akaweka mpya, akaniambia wakati wa kiangazi tusiache maji yakae humo bila kuyamwaga. Taa nyekundu ikawaka. Mzee alioga mpaka mvuke ukatoka chini ya mlango, na tulimsikia akiimba wimbo wa kanisani, sauti ikikatika kila anapovuta pumzi.

Nilidhani imekwisha. Halas.

Ijumaa, baada ya sala, simu ikalia. "Muallim, hita vipi?" Nikajibu. Akaniambia habari ya jino lake. Ijumaa iliyofuata akaniambia bahari imechafuka na binti yake anampikia chakula kisicho na chumvi. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka kuongea tu. Nami nikawa naongea, nikikaa ukingoni mwa kitanda changu, nikijaribu kucheka pale ambapo mwalimu angecheka. Ninaogopa kuandika kwamba nilianza kulijua pigo la cheko lake. Wa Nakuru alikuwa akitoka nje. Alisema si kwa sababu anaogopa, ni sigara.

Sasa nieleze habari ya vitanda. Hita ilitundikwa bafuni, na ukuta ule upande wa pili ulipakana na kitanda cha mwalimu. Hita ikiwaka, ukuta ule unapata joto, unaweza kuweka kiganja ukasikia. Palikuwa ndipo mahali pa joto kuliko pote nyumbani mle. Mzee alilala chini ya dirisha, tuliloziba kwa matambara, na upepo ulipita vilevile. Kikohozi chake kilikuwa kimeshuka kifuani, kimekuwa kizito.

"Hamia pale," nikamwambia.

"Siwezi."

"Mzee, ni kitanda tu."

Akakaa, akavuta pumzi kwanza. "Wewe ni mtu wa kwetu, unajua. Mtu akishazikwa, watu hukaa uani. Wananyolewa. Halafu anaulizwa kila mmoja: nani alikuwa na neno na huyu? Aseme. Wote wakishasema, ndipo vitu vyake vinapata watu. Kabla ya hapo hata kijiko hakiguswi. Sisi tulikaa hapa lini? Tuliuliza nani?"

"Kule nyumbani walishafanya."

"Kule walifanya ya kule. Hapa kuna mtu alikuwa na neno naye, na hajui amekufa." Akanionyesha simu kwa kidevu. "Tumezika mtu. Wewe unamrudisha kila Ijumaa."

Nilitaka kumjibu kwamba ninamrudisha kwa ajili yako. Nilikuwa na haki kidogo ya kusema hivyo. Lakini nilijiuliza: ikiwa nimefanya kwa ajili yake, mbona amelala dirishani? Huyu mtu angekufa kwa baridi kando ya kitanda chenye joto kwa sababu mimi nimemshika marehemu mkono. Na nikimwachia marehemu, huenda mzee akafukuzwa. Niliipima mara nyingi nikiendesha gari. Mizani yangu si ya kuaminika, nimeishia darasa la nane. Kila nilipopima ilitoka tofauti.

Mwisho nilimwambia yeye mwenyewe: "Nikisema, unaweza kukosa hapa."

Akasema, "Hapa sipo sasa hivi. Niko dirishani."

Wiki ile tajiri alikuwa na mazulia ya kupeleka Jeddah. Nilipomaliza kushusha nikampigia mwenye nyumba kwa simu ileile, nikasema niko mjini. Alifurahi kama mtoto. Nyumba ya binti yake haikuwa mbali na Hindawiya, mitaa ninayoijua. Nilipanda ngazi. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu, na nilikuwa natoka jasho ndani ya koti la Riyadh.

Alifungua mlango mwenyewe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akaniangalia, akasema, "Ahlan, sadiki." Halafu akachungulia nyuma ya bega langu, kwenye ngazi, akitabasamu.

"Muallim anapanda polepole," akasema.

Aliendelea kuangalia ngazi. Na mimi, Mungu anisamehe, niligeuka nikaangalia pia.

"Baba, muallim alikufa," nikasema. "Kiangazi. Alikwenda nyumbani akafa."

Akasema inna lillahi. Akashika mlango. "Nimesema naye Ijumaa."

"Ulisema na mimi."

Aliuangalia mdomo wangu. Muda mrefu, kama mtu anayetazama mahali palipoibiwa kitu.

"Alikuwa hajibu haraka namna ile," akasema mwishowe. "Alikuwa anafikiri kwanza. Nilijua kuna kitu. Nikasema ni baridi." Halafu, "Na mama yake? Aliniambia hajambo."

"Hilo nalo nilisema mimi. Sijui hali yake. Sijauliza."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Kifo aliweza kukipokea. Hili hakulipokea. "Uliza," akasema. Hakunikaribisha ndani, na sioni kwamba alinikosea. Nikiwa nimeshashuka nusu ya ngazi, akaniita.

"Yule anayekohoa nyuma yako kwenye simu, huyo ni nani?"

Nikasema ni mzee wetu mmoja. Ikama sikuitaja. Sikudanganya, lakini sikuitaja.

Akafunga mlango taratibu.

Nilirudi Riyadh bila kujua nimeleta nini. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Amejua?" Nikasema amejua. Akainuka, akaenda bafuni, akafungua maji ya moto, akaniita na wembe. Nilimnyoa kichwa chote. Kichwa cha mtu mzima kikiwa kimelowa ni chepesi, sikutegemea. Kisha akaninyoa mimi. Wa Nakuru alisema yeye kwao hawanyoi, lakini akaja akasimama mlangoni, na alipoulizwa kama alikuwa na neno na marehemu, akasema mwalimu alimfundisha kusoma ramani ya mji na hakuwahi kumshukuru. Mimi nikasema langu, la kuiazima sauti yake. Mzee akasema, "Yamesikika."

Akachukua blanketi lake, akalala kitandani pale, mgongo ukutani.

Mama yake mwalimu nilimpigia kabla ya Ijumaa. Nilijitaja vizuri, jina langu na la kijiji chetu. Yuko hai, miguu inamsumbua. Akanyamaza nilipokuwa nikiongea, hadi nikafikiri laini imekatika. Kisha akasema, "Endelea kuongea, mwanangu. Ongea chochote."

Nikaongea. Nilimweleza habari za hita.

Ijumaa simu ililia dirishani. Tulitazamana wote watatu. Nilipokea, nikasalimia kwa namna yangu, na mwenye nyumba hakuniita muallim wala sadiki.

"Mama?" akauliza.

"Yuko hai. Miguu inamsumbua."

"Alhamdulillahi." Nilisikia mji wake dirishani kwake. "Mwanangu atakuja kuandika mkataba. Jina lako wewe. Mmoja anatosha, wengine ni wageni wako." Akasikiliza. "Sisikii kikohozi leo."

"Amepata mahali penye joto."

"Wapi? Nyumba yangu haina mahali penye joto."

Nikamwambia ni kile kitanda kando ya ukuta wa hita.

"Cha muallim," akasema.

Nikasema ndiyo. Nilimwacha afikiri, sikujibu zaidi, nami nikagundua nimekaa kimya sawasawa na vile ambavyo mwalimu angekaa. Mzee alikuwa amejilaza pale, kiganja chake kimeegemea ukuta.