Mweka Hazina wa Bwana Harusi

Mimi sipendi kuonewa, na sipendi kabisa kuonewa na simu. Kwa hiyo zile meseji zilizokuwa zinaingia, mara "ndugu mlipakodi", mara "lipa deni lako kwa namba ifuatayo", nilizifuta zote. Nani asiyewajua matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mmoja akathubutu kupiga kabisa, eti anatoka ofisi ya kodi. Nikamwambia akalime.

Jioni nikamsimulia mpangaji wangu kwamba nimemkomesha tapeli, akanipongeza. Alikuwa kijana wa Singida aliyeletwa Kigoma kikazi, na kazi yake ilikuwa hukohuko kwenye kodi. Lakini pale kwangu Katubuka hatukuongea mambo ya ofisi. Tuliongea harusi.

Alikuwa amepata mchumba Ujiji, na ndugu hana hapa, basi sisi majirani ndio tukawa ukoo wake. Kamati ikakaa barazani kwangu. Kwa kuwa nina duka la dagaa na mawese, na nina akaunti benki, nikapewa uweka hazina. Kuweka michango ndani sikuthubutu, maana wanangu nawajua na mashemeji zangu nawajua. Nikaitia kwenye akaunti ya duka.

Siku chache kabla ya harusi nikaenda kutoa hela ya ng'ombe na mchele. Dada wa dirishani akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. Akasema kwa upole kwamba ofisi ya kodi imeiandikia benki barua, na hela yote imekatwa kwa deni la duka. Deni wala sikuliwaza. Niliwaza wakwe wanatoka kwao Kasingirima, hukohuko Ujiji, Jumamosi wanakuta sufuria tupu, na mji mzima unasema mweka hazina kala.

Kijana aliporudi kutoka kazini nikamweleza yote. Akaniuliza duka limeandikishwa kwa jina gani. Mtaani duka langu halina jina, wanasema tu kwa mama dagaa, lakini kwenye makaratasi bado ni jina la marehemu mume wangu. Nikamtajia. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Mama, barua hiyo nimeisaini mimi."

Nikamuuliza kama amechukua michango ya harusi yake mwenyewe. Akasema mwenye duka alitumiwa meseji hajibu, na mwenzake alipopiga simu akaambiwa akalime, ofisi nzima ikacheka, yeye akiwemo.

Nikamwambia basi airudishe. Akakataa. Akasema akinirudishia mimi, kesho Katubuka yote iko mlangoni kwake. Nilimkasirikia mpaka nikamwambia ahame. Halafu nikaingia stoo, nikaanza kutoa magunia ya dagaa, maana harusi ni harusi.

Jumamosi wakwe wakala ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Walikula, siwezi kusema hawakula, ila minong'ono ilipita sahani hadi sahani, na macho yote yalikuwa kwangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana harusi akasimama, na hakuwa kwenye ratiba ya kusema.

"Mama yangu hajala hela ya mtu," akasema. "Hela ya nyama niliichukua mimi, kwa saini yangu, kazini kwangu. Hata mchango wangu umo."

Akaeleza mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwenye kulima, mkwe wake mwanamume alicheka akapaliwa na dagaa. Mimi nililia. Nilikuwa nimemfukuza, na yeye ananiita mama yangu mbele ya watu wote.

Hakuhama. Jumatatu asubuhi ikaingia meseji, "ndugu mlipakodi", kuna salio lililobaki. Nikaenda nayo hadi dirishani kwa maharusi, nikagonga, nikauliza huyu ni yeye au ni tapeli.

"Ni mimi, mama," akajibu kutoka ndani.

Nikasonya, nikalipa.