Salamu Haziingii Hesabuni: Muuguzi wa Changamwe na Shahada ya Kuongoza

Saa moja na nusu asubuhi, wagonjwa hawajaanza kupanga foleni, na Sista Dama Chengo amekaa kwenye benchi lao, leso begani, akijifanya bibi wa miaka sabini. Mbele yake amesimama Velma, mhudumu wa afya ya jamii, simu sikioni ingawa hajampigia mtu.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, nashukuru."

"Na hapo nyumbani?"

"Wote wazima."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

Velma anashusha simu. Wenzake watano waliojibanza ukutani wanamtazama Sista.

"Sasa umejua nini?" anauliza Dama kwa sauti yake mwenyewe.

Velma anafikiri. "Nimejua ana adabu."

Ukuta mzima unacheka. Dama naye anacheka, kisha anairudisha leso begani. "Basi endelea. Mimi bado mgonjwa."

Zoezi hili hufanywa kila Jumatatu katika zahanati hii ndogo ya wadi ya Airport, Changamwe. Mpita njia atadhani ni mchezo wa kuigiza. Kwa Dama, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hakuna mchezo hapa. Ijumaa ya wiki hii wenye zahanati wataamua kama kazi ya kuwafuatilia wagonjwa majumbani itaendelea au itafungwa.

Kazi hiyo ndiyo mradi wake wa shahada ya uzamili. Ikifungwa, hana cha kuandika, na wazee zaidi ya mia moja wenye kisukari na shinikizo la damu watarudi kukaa ndani mpaka wazidiwe ndipo waletwe.

Shahada yenyewe ni ya uongozi na usimamizi wa huduma za afya na ustawi wa jamii, jina ambalo ukilitamka lote unahitaji kupumzika. Dama amekata tamaa ya kuwaeleza majirani.

"Wananiuliza, ukimaliza utakuwa daktari? Nawaambia la. Basi utakuwa nani? Hapo ndipo ninapokwama," anasema. "Mamangu kule Ganze amerahisisha mambo. Anawaambia watu nasomea ubosi."

Ubosi wenyewe ulimfika kabla ya masomo. Alikuwa muuguzi wa kawaida kwa miaka kumi na miwili, wa kudunga sindano na kufunga vidonda, hadi siku muuguzi mkuu alipohama na nafasi yake ikabaki wazi.

"Kudunga sindano nilifundishwa miaka mitatu mizima," anasema Dama. "Kuongoza watu kumi na wanne nilifundishwa kwa kupewa funguo za stoo na kuambiwa hongera."

Mwaka wa kwanza ulimtoa jasho. Wauguzi wawili walinuniana mwezi mzima kwa ajili ya zamu za sikukuu, dawa ziliisha akiwa hana habari, na yeye, kila palipoharibika, alikimbilia kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Alikuwa akirudi nyumbani miguu imevimba na bado zahanati haiendi. Ndipo alipoamua kurudi shule.

Anasoma kwa njia ya mtandao, kila Jumamosi, sebuleni kwake. Ndege zinazotua uwanja wa Moi hupita juu ya paa, na ana hakika marubani wana ratiba ya masomo yake. "Mhadhiri akifika penye jambo lenyewe, ndege hiyo. Nimesoma uongozi wa watu nusu nusu," anatania.

Karo inakula karibu theluthi moja ya mshahara wake. Mumewe, Munga, kibarua katika maghala ya huko huko Changamwe, ndiye mpishi wa Jumamosi. "Watoto wamezoea mboga za kuungua," anasema Munga. "Wanajua mama akihitimu tutakula vizuri."

Mwaka jana kila mwanafunzi alitakiwa abadilishe jambo moja kazini kwake na kulipima. Dama hakuhangaika kutafuta lake. Wazee wengi wa Changamwe hupewa dawa, wakaenda zao, wasionekane tena. Wengine hawawezi kutembea, wengine hawataki kusumbua watoto. Akapanga kwamba wahudumu wa jamii wawapigie simu kila wiki, waulize hali, na mgonjwa akiwa vibaya aletwe haraka.

Mambo yakawa mazuri, mazuri kupita kiasi. Baada ya miezi mitatu, karibu wagonjwa wote walikuwa wanaendelea vyema. Wanafunzi wenzake walimpigia makofi mtandaoni. Bwana Tinga, msimamizi wa zahanati, aliubandika mchoro wa matokeo ofisini kwake, mahali ambapo kila mgeni angeuona.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Dakta Margret, mhadhiri anayesimamia utafiti wa Dama na ambaye bado hutibu wagonjwa, alimuuliza kwa upole, "Wagonjwa wako wa kisukari hawaumwi kamwe? Wangu huku wanaumwa."

"Nilicheka," anakumbuka Dama. "Nikadhani ananisifu."

Wiki mbili baadaye, tuktuk ilisimama mlangoni pa zahanati. Alishuka Mwanatabu, mama wa makamo kutoka kijiji cha zamani cha Changamwe, akimshika mkono babake, Mzee Sharif, fundi wa kushona kanzu aliyestaafu na mmoja wa wagonjwa wa kisukari wa mradi. Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umefungwa leso mbili, na harufu ilitangulia kabla ya leso kufunguliwa.

Dama alipouona unyayo ule, alijua kidonda hakikuwa cha jana wala juzi. Na alijua jambo jingine, zito zaidi. Siku tatu kabla ya hapo, mhudumu mmoja akiwa na udhuru, Dama ndiye aliyempigia simu Mzee Sharif.

"Nilimwamkia, akaniitikia. Nikamuuliza hali, akasema alhamdulillahi, hajambo. Nikamshukuru, nikakata simu," anasema. "Mimi mwenyewe. Muuguzi."

Hospitalini Mzee Sharif alikatwa vidole viwili vya mguu. Dama alipokwenda kumwona, alimuuliza kwa nini hakusema. Mzee alishangaa kuulizwa.

"Ningekujibu nini, mwanangu?" Dama ananukuu maneno yake. "Mtu yuwakuamkia, nawe umwanzie na kidonda chako? Huo si uungwana."

Mwanatabu anasema babake ndivyo alivyo tangu zamani. "Kila akiulizwa, yuwasema hajambo. Hata siku ile kwenye tuktuk, dereva alimuuliza hali, akajibu njema. Mimi niko kando natokwa na machozi."

Dama alirudi zahanati, akapita nyumba kwa nyumba na wahudumu wake, akiwauliza upya wagonjwa waliosemekana wazima. Huyu alikuwa haoni vizuri tangu mwezi uliopita, yule alikuwa ameacha dawa kwa sababu zilimtia kizunguzungu. Wote, walipopigiwa simu, walikuwa wamejibu kama mtu aliyelelewa vizuri anavyojibu. Mradi mzima ulikuwa umezihesabu salamu.

"Mtu wa mbali angefanya kosa hilo ningemwelewa," anasema. "Mimi nimezaliwa Pwani. Mamangu akiwa na homa ya kumtetemesha, ukimuuliza hali atakwambia yu mzima. Najua hivyo tangu utoto, na bado niliketi nikachora mchoro."

Siku hiyo alijifungia stoo, katikati ya makatoni ya maji ya kutundika, akalia. Alilia kwa ajili ya vidole vya mzee, na, haoni haya kusema, alilia kwa ajili ya shahada yake pia. Kisha akanawa uso na kumpigia simu Dakta Margret.

Njia rahisi ilikuwepo. Clifford, mwanafunzi mwenzake, alimshauri apeleke matokeo ya kwanza jinsi yalivyo, amalize, ahitimu, na hayo mengine ayarekebishe baadaye. Hakuna ambaye angekuja Changamwe kuuliza.

"Clifford si mtu mbaya, alinihurumia," anasema Dama. "Nikamwambia, wewe hukuuona ule mguu."

Kusema ukweli kulimgharimu. Mahafali yake yalisogezwa mwaka mmoja mbele. Bwana Tinga aliubandua mchoro ukutani na kushauri kazi nzima ifungwe. Wenye zahanati nao waliogopa lawama, lakini wakampa Dama miezi sita aonyeshe kwamba inafaa.

Bwana Tinga hafichi msimamo wake. "Sista ni mchapakazi, sina neno," anasema. "Lakini tukiahidi kumfuatilia mtu halafu akakatwa vidole, watu watasema ni sisi. Tusipoahidi, hawasemi kitu."

Dama alianza upya. Mwanzoni alijaribu kuzifuta salamu kabisa, wahudumu waende moja kwa moja kwenye kidonda. Jaribio hilo halikumaliza wiki. Velma alimpigia bibi mmoja na kumuuliza, bila hata shikamoo, kama ana kidonda mguuni. Bibi alikata simu, kisha akamtuma mjukuu wake zahanati kuuliza yule msichana ni wa nani.

"Nilikwenda kuomba radhi na kilo mbili za sukari," anasema Velma, akificha uso kwa kiganja.

Kwa hiyo sasa salamu hutolewa zote, kwa utulivu, mpaka watoto na kuku waulizwe. Zikiisha, mhudumu hutua kidogo na kusema, "Salamu tumemaliza, mama. Sasa nakuuliza kazi." Mgonjwa hapo huwa amepewa ruhusa. Anaweza kuumwa bila kuvunja adabu.

Na swali la hali limeondolewa kabisa. Wahudumu huuliza mgonjwa amekula nini tangu asubuhi, leo amevaa kiatu gani, na nani aliyeutazama unyayo wake. Kila nyumba imemteua mtu wa kuutazama, awe binti, mkwe au mjukuu. Mara moja kwa wiki, wahudumu wawili wawili hupita wenyewe na kuomba kuona.

Katika miezi hii sita wamekuta vidonda tisa vikiwa bado vidogo. Hakuna hata mmoja wa wagonjwa hao tisa aliyekatwa kidole. Safari hii, Dakta Margret alipoletewa matokeo, yaliyokuwa na wagonjwa wengi wanaoumwa, alisema sasa anaona watu.

Je, tisa watatosha Ijumaa? Dama hajui. Bwana Tinga amekwisha kumwambia kwamba wahudumu wanahitajika kwenye kazi nyingine.

Saa nne asubuhi, zoezi limekwisha na zahanati imejaa. Dama amewaachia wauguzi wenzake foleni, jambo ambalo zamani asingeliweza, na sasa anapiga hodi kwa Mzee Sharif. Mzee amekaa barazani, kofia kichwani, fimbo kando.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Njema, alhamdulillahi. Munga na watoto?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Zinakwenda hivyo mpaka zinaisha. Kisha, bila kuambiwa, mzee anainyoosha miguu yake. Dama anapiga goti, anamvua mzee viatu na soksi na kuchungulia katikati ya vidole vinane vilivyobaki. Ngozi ni safi. Mwanatabu, aliyeitazama mapema leo kama kila siku, anangoja neno la Sista kama mwanafunzi anayesahihishiwa.

"Umeitunza," anasema Dama.

Mzee Sharif anamtazama akimvalisha soksi. "Na masomo, yaendeleaje?"

"Salama, baba. Nashukuru."

Mzee anaichukua fimbo yake, anailaza mapajani.

"Salamu tumemaliza, mwanangu. Sasa nakuuliza kazi."

Dama anacheka, na kicheko kinakatika katikati. Anaketi pale pale chini, soksi moja bado mkononi, na kumwambia. Anamwambia kwamba Ijumaa anaogopa. Kwamba amechoka, na wiki iliyopita alisinzia darasani mbele ya wenzake wote. Kwamba wenye zahanati wakisema basi, hana mradi mwingine wala karo ya mwaka mwingine wa ziada, na haoni jinsi ya kuwaeleza wazee kwamba hawatapigiwa tena.

"Lakini siachi," anasema, akijifuta macho kwa upande wa mkono. "Wakifunga, nitapita mwenyewe jioni. Na wakikubali, nataka zahanati za Likoni na Kisauni zifanye hivi pia. Nimekwisha kuandika sura ya mwisho hivyo, kama kwamba wamekubali."

"Ijumaa wakutana saa ngapi?"

"Saa tatu, baba."

Mzee Sharif anageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Mwanatabu."

"Abee."

"Mwambie yule wa tuktuk aje Ijumaa, saa mbili na nusu."

Mwanatabu anautazama mguu, kisha uso wa babake. Tangu atoke hospitali, babake hajawahi kuuonyesha mguu ule kwa mtu wa nje, hata kwa wenzake wa msikitini. Barazani hukaa na viatu vya kufunika, jua liwe kali vipi.

"Baba, utakwenda kusema nini mbele ya wale watu?" anauliza Dama.

"Mimi sina la kusema. Wewe ndiwe uliyesoma, wewe utasema," anajibu Mzee Sharif, na kumnyooshea ule mguu wa kulia amalizie soksi. "Mimi nitawaamkia, waniitikie. Zikiisha salamu, nitavua kiatu."